Kabureta mbili, mwalimu wa kwaya mmoja, na kilima cha Nyamira

Saa kumi na dakika ishirini jioni, siku ya Jumatano.

Wakuu, heshima kwenu. Naanza na saa kwa sababu niliiandika kwenye daftari, na daftari lenyewe liko hapa mezani, kando ya kompyuta ya cyber. Karibu yote nitakayosimulia yamo humo. Pale ambapo sikuandika nitawaambia kwamba nakumbuka tu, na mtu akinibishia hapo sitagombana naye.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani katika duka la mbolea mjini Kisii, nimepanga chumba Nyanchwa. Leo nakaribia kustaafu. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaosema humu kwamba magari ya zamani yalikuwa rahisi kutengeneza, vuteni kiti.

Ufundi sikusomea popote. Mzungu mmoja alikuwa anahama, anauza vitu vyake, nikanunua kwake kitabu cha Kiingereza kuhusu injini. Mchwa walikuwa wamekipitia kabla yangu. Walianzia ukurasa wa 89 wakaishia wa 104. Kurasa zilizobaki nilizisoma mara nne, na nilishatengeneza pikipiki tatu na mashine mbili za kusaga. Hilo ndilo lilikuwa jina langu pale kilimani Nyanchwa: karani anayesoma injini.

Sasa, saa kumi na dakika ishirini.

Nilisikia mlipuko barabarani. Mbuzi wa jirani alikata kamba. Kisha ukaja moshi mweusi, na ndani ya moshi likatokea gari dogo la kijani kilichopauka, namba 14 ya mashindano bado imechorwa mlangoni, halina kiti cha nyuma.

Aliyeendesha alikuwa Bwana Ondari, mfanyabiashara wa Ogembo, mwenye duka na lori la kubeba ndizi. Gari alilinunua kwa mkulima mmoja upande wa Kericho. Lilikuwa gari la mashindano kweli, lakini ushindi wake ulikuwa wa zaidi ya miaka kumi nyuma.

"Karani," aliniita bila kuzima injini, maana ikizimwa hakuwa na hakika ya kuiwasha tena, "wanasema wewe unasoma injini kwenye kitabu."

"Nasoma, Bwana Ondari."

"Basi nisomee hii."

Jumapili ile kulikuwa na mashindano madogo upande wa Nyamira. Barabara ya murram, kutoka darajani chini mpaka sokoni juu, gari moja moja, mtu amesimama na saa. Kila gari linapanda mara mbili na muda bora ndio unaohesabiwa. Ondari alikuwa ameshawatangazia watu wa Ogembo kwamba atapanda kwa muda usiofika dakika tatu. Fundi wa Kisumu alitaka shilingi mia nne kulirekebisha.

Hapo nikafanya kosa la kwanza, nalo lilikuwa la mdomo.

"Nitalitengeneza bure," nikasema. "Likishindwa kupanda chini ya dakika tatu, hizo mia nne nakulipa mimi."

Ondari akatoa kichwa dirishani. "Na likipanda?"

"Likipanda, hili na lori lako hayaendi tena kwa fundi mwingine."

Tukapeana mikono. Jirani yangu Mama Kemunto alikuwa anaanika mahindi, akawa shahidi.

Wakuu, mshahara wangu haukufika mia mbili kwa mwezi. Posta nilikuwa na akiba ya shilingi mia nne na ishirini. Ilinichukua miaka miwili na nusu, na ilikuwa ya kufungulia gereji. Ningebaki na ishirini, ambazo hazifungui hata mlango wa gereji.

Alhamisi nilianza na mfumo wa moto.

Kwa asiyejua: gari la wakati ule halina kompyuta. Ndani ya distributa, kile kifaa kinachogawia plagi umeme, kuna vijimeno viwili vya chuma tulivyoviita pointi. Kila vinapoachana, plagi inapiga cheche. Mwanya wake ukizidi au ukipungua, cheche inakuja dhaifu, au inakuja kwa wakati usiofaa.

Kuna kipimo cha chuma cha kupimia mwanya huo. Sikuwa nacho. Mafundi wote wa mjini walipimia kipande cha karatasi ngumu ya pakiti ya sigara, ambayo unene wake unakaribia kabisa kile kinachotakiwa.

Shida ni kwamba Nyanchwa ni kilima cha Wasabato, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Unaweza kutembea kutoka kanisani mpaka barabara kuu ukitafuta pakiti tupu ya sigara, usiione. Nilitafuta dakika arobaini. Nilijaribu jalada la kitabu cha masomo ya Sabato, likawa nene mno.

Nikateremka mjini nikanunua pakiti ndogo, ya sigara kumi. Shilingi moja na senti sitini.

Nilipogeuka kutoka kaunta, Mama Kemunto alikuwa nyuma yangu ameshika mche wa sabuni.

"Mama, hii ni ya gari," nikamwambia.

"Ndiyo, mwanangu," akasema kwa upole sana. "Wote huanza hivyo."

Sigara zenyewe nilizitupa chooni, zote kumi. Kwa bahati mbaya hilo halikuwa na shahidi.

Pointi zikakaa sawa. Taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, nikaipima kwa balbu ndogo: unaiunganisha kwenye distributa, unazungusha injini kwa mkono polepole, na alama inapofika mahali pake balbu inatakiwa kuwaka. Iliwaka mara tano mfululizo palepale. Nikaandika.

Kisha nikaja kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Plagi zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Kitabu changu kiliandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Kisii tuko zaidi ya futi elfu tano juu, na Nyamira juu zaidi, hewa ni nyepesi. Nikapunguza petroli kidogo kidogo, nikiwasha, nikizima, nikifungua plagi, mpaka zikawa rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ndiyo rangi unayoitaka.

Ikabaki kazi moja. Gari lilikuwa na kabureta mbili, ya mbele na ya nyuma, kila moja inalisha silinda mbili. Ni lazima zivute hewa kwa kiasi kilekile. Ukurasa wa 88 ulisema uchukue mpira mwembamba, ncha moja uiweke kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni, usikilize mvumo wa hewa, kisha ugeuze skrubu mpaka mivumo iwe sawa.

Ukurasa wa 89, kama nilivyosema, ulikuwa tumboni mwa mchwa.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Kuanzia saa nane na nusu nilisikiliza. Mbele: ssss. Nyuma: ssss. Masikio yangu ni ya kawaida, wakuu. Yanatosha kuitika nikiitwa, basi. Kila nikidhani zimelingana, injini inacheza kama mtu mwenye homa.

Jua la Ijumaa likizama sisi huweka spana chini mpaka Jumamosi jioni. Na Ondari angekuja kulichukua gari Jumamosi hiyo hiyo, giza likiingia. Kwa hiyo muda wangu ulikuwa mpaka jua lizame.

Saa kumi na nusu akaja Mwalimu Bosire.

Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, na mwalimu wa kwaya. Mtu wa tai kila siku, na mfukoni mwa shati ana ule uma mdogo wa chuma wa kutafutia sauti, ambao ukiugonga unalia noti moja. Kwaya yake ilijulikana mpaka Keroka. Alikuwa ameletewa habari na Mama Kemunto, akaja na Biblia kunishauri.

Sasa fikirieni alichokiona kwa nyuma. Mimi nimeinama, moshi umenizunguka, na mpira unatoka kwenye injini unaingia mahali fulani kichwani kwangu.

"Kijana," alisema kwa huzuni, "umefikia kuvuta kwa mpira?"

Nilimweleza. Nilimwonyesha kipande cha pakiti, pointi, kitabu, na mahali mchwa walipokula. Alisikiliza yote bila kubadilisha uso. Kisha akaweka Biblia kwenye dirisha, akalegeza tai, akasema, "Lete huo mpira."

Alisikiliza mbele. Akasikiliza nyuma. Sekunde kumi hazikuisha.

"Wa nyuma yuko juu kidogo," akasema. "Si sana. Lakini mtu kama huyo kwaya yangu haingii."

Tangu hapo kabureta kwake zilikuwa watu. Wa mbele. Wa nyuma. Aliugonga ule uma gotini kwake, akausikiliza, akasikiliza mpira, akaniambia geuza, rudisha, tena kidogo, hapo. Kwa saa moja na robo tulifanya kile ambacho peke yangu nisingekifanya kwa wiki. Saa kumi na moja na dakika hamsini mivumo ilikuwa sawasawa kabisa. Injini ilitulia mpaka nikaweka glasi ya maji juu yake na maji hayakutikisika.

Nikaenda chumbani kutafuta mafuta ya taa ya kunawia mikono. Sikukawia. Dakika tano, au sita.

Niliporudi Mwalimu alikuwa anajifuta vidole kwa leso, anatabasamu.

"Sasa ni nzuri," akasema.

Nilidhani anasifu tuliyofanya pamoja. Nikachukua spana nikakaza kibano cha ile fimbo inayounganisha kabureta mbili zifunguke kwa pamoja. Jua lilikuwa limeshagusa miti. Nikafunga boneti, nikafunika gari turubai.

Kabla ya kuzima nilihisi injini inatikisika kidogo. Daftari langu la siku hiyo, mstari wa mwisho, linasema: "Inatikisika kidogo, labda baridi."

"Labda" ni neno ambalo sikuwahi kuliandika humo kabla ya hapo.

Sabato ilipita kama Sabato. Mhubiri alizungumzia mwili kuwa hekalu, na benchi nililokalia lilitazamwa sana. Mama Kemunto alinishika mkono mlangoni akaniambia ananiombea.

Jumapili, Nyamira.

Ondari alikuwa amejaza lori lake la ndizi watu wa Ogembo. Mwalimu Bosire naye alikuja, na hakuja peke yake. Alileta akina mama wanne wa kwaya, kwa sababu, alivyoniambia, alitaka walisikie gari likiimba kwa sauti kubwa.

Kauli hiyo ilipaswa kunishtua. Haikunishtua.

Gari la kwanza lilipanda kwa dakika mbili na sekunde arobaini na tano. Pikapu moja, ambayo mwenyewe alisahau kushusha kreti za soda, ilipanda kwa dakika tatu na sekunde kumi. Chupa zilisikika mpaka juu.

Kisha namba 14.

Wakuu, lilitoka darajani na sauti ambayo sijaisikia kwa gari lingine. Si ngurumo. Ilikuwa kama watu wawili wanaimba wakiwa wamefumba midomo. Watu walinyamaza. Akina mama wa kwaya waliinamisha vichwa upande mmoja.

"Yaani linaimba!" mmoja alisema.

"Msikie yule wa juu," mwingine akajibu. "Amekaa pale pale."

Lilipita mbele yetu likiimba, na lilipita polepole kiasi kwamba nilimwona Ondari vizuri. Amesimamia pedali ya mafuta kama mtu anayekanyaga siafu.

Dakika tatu na sekunde ishirini na sita. Tulikuwa tumeshindwa na soda.

Ondari alirudi chini, akashuka, akaniita mbele ya Ogembo yote.

"Karani! Mimi nilikuletea gari au kinanda?"

"Bwana Ondari, nipe dakika chache."

"Unazo arobaini kabla ya zamu yangu ya pili. Baada ya hapo unanipa zile mia nne."

Mtu mmoja juu ya lori akapiga kelele, "Mwambie afungulie ukurasa mwingine!" Wakacheka wote. Mimi nilikuwa naiona gereji yangu inaingia mfukoni mwa Ondari.

Nilifungua boneti. Plagi: chai ya maziwa kwenye silinda mbili za nyuma, lakini mbili za mbele rangi nyingine kabisa. Pointi sawa. Taimingi sawa. Nikachukua mpira. Kwa kelele za watu na upepo sikusikia mengi, lakini hata mimi nilisikia kwamba mbele na nyuma zilikuwa mbali sana. Ijumaa hazikuwa hivyo.

Nikamgeukia Mwalimu Bosire, aliyekuwa anapokea pongezi.

"Mwalimu, nilipokwenda kunawa, kuna kitu uligusa?"

"Nilimalizia," akasema.

"Ulimalizia nini?"

"Wa mbele nilimshusha nikamweka do. Wa nyuma nikampandisha mpaka mi." Aliona sielewi, akaongeza kama anayemweleza mtoto wa darasa la pili: "Ulikuwa umewaacha wote wawili wanaimba noti moja. Watu wawili, noti moja! Hiyo si kwaya, kijana. Hao ni watoto wanasalimia mgeni shuleni."

Nilikaa kwenye bampa la gari.

Nieleweni vizuri, wakuu. Alichofanya ni kwamba aliifungua skrubu ya nyuma mpaka ikapanda, na injini ilipopiga kelele akaifunga ya mbele mpaka ikatulia. Kisha mimi nikaja na spana nikakaza kibano, nikalifunga kosa kwa mkono wangu mwenyewe. Kutoka hapo, ya nyuma ikifika mwisho wa kufunguka, ya mbele iko nusu ya njia. Silinda mbili zinashiba, mbili zina njaa, na kwa pamoja zinaimba vizuri sana.

"Mwalimu, tafadhali, zirudishe kama zilivyokuwa. Masikio yangu hapa hayafai."

"Niharibu?" Alirudi nyuma hatua moja. "Mbele ya hawa?" Akawaangalia akina mama wake wa kwaya. Alikuwa ameumia kweli, na ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amecheza. Alinipa kilicho bora alichokuwa nacho.

Zilibaki dakika ishirini na saba. Ondari alikuwa anatazama saa yake kwa namna ya kutaka nimwone anatazama saa.

Sikuwa na ukurasa wa kufungua. Nikakumbuka jambo moja la kanisani.

"Mwalimu," nikasema, "ule wimbo mnaofungulia ibada. Mstari wa kwanza, kabla hamjagawana sauti. Si wote huimba noti moja?"

"Ndiyo, wote."

"Kwa nini?"

Akafikiri. "Pale tunataka nguvu. Tunataka aliye nje aingie ndani."

"Basi tuko hapo, Mwalimu. Hatujafika kwenye kugawana. Hili gari liko nje, tunataka liingie sokoni."

Mmoja wa akina mama akasema, bila kumtazama mtu, "Na pale ndipo watu husimama."

Mwalimu akatoa ule uma mfukoni.

"Legeza kibano chako," akaniambia. "Na waambie hao wa Ogembo wanyamaze. Hapa si sokoni."

Ogembo walinyamaza. Sijui kwa nini, nadhani ni tai. Mtu mzima aliyevaa tai, mpira sikioni, anagonga chuma gotini kando ya injini: huwezi kumfanyia kelele mtu kama huyo. Shusha, pandisha, rudisha, hapo. Alipokuwa ameridhika nilisikiliza mwenyewe, mbele na nyuma, mara tatu. Nikakaza kibano. Nikasikiliza tena baada ya kukaza. Injini ikatulia.

Dakika tatu zilikuwa zimebaki.

"Ikishindwa tena," Ondari akasema akifunga mlango, "nyinyi wawili mtarudi Kisii kwa miguu."

Safari hii halikuimba. Lilibweka. Lilitoka darajani likirusha kokoto mpaka majini, likapita mbele yetu, sikumwona Ondari hata kofia. Kisha vumbi, kisha kimya, kisha kelele kutoka sokoni juu.

Mtu wa saa aliteremka na karatasi. Dakika mbili na sekunde hamsini na mbili.

Hakushinda, alikuwa wa tatu. Lakini Ondari hakuwa ameahidi kushinda. Alishuka garini akaninyanyua kutoka chini, kitu ambacho mtu wa kimo chake hakupaswa kujaribu, akaniambia lori atalileta Jumatatu. Alilileta. Miezi minane baadaye nilifungua gereji ya mabati, na akiba yangu ilikuwa bado posta.

Mwalimu Bosire nilimkuta ameshaweka uma wake mfukoni.

"Limepanda," alikiri. "Lakini halikuwa na utamu wowote." Na akaniambia kwamba sasa nina deni la mazoezi, besi yake ina watu wachache. Niliimba besi miaka kumi na moja. Sikuwahi kuipenda, lakini niliijua vizuri.

Nilichojifunza, wakuu, ni kifupi. Aliyekusaidia kwa moyo mwema, muulize amegusa nini. Muulize hasa akiwa mtu anayejua kazi yake, kwa sababu asiyejua huogopa kugusa. Na baada ya mkono wa mwisho, pima wewe mwenyewe. "Labda baridi" si kipimo.

Wenye uzoefu wa kabureta mbili karibuni mseme mlikuwa mnazilinganisha kwa njia gani. Kama kuna mtu ana ukurasa wa 89 mpaka 104 wa kitabu chochote cha namna ile, naomba aniambie ulisema nini. Na kama humu kuna ndugu wa Mama Kemunto, amwambie salamu zake nazipata, najua bado ananiombea, lakini sijavuta hata moja.

Hesabu, kwa wanaopenda hesabu: nilikuwa nipoteze mia nne, sikupoteza. Toa pakiti moja ya sigara. Niliokoa shilingi mia tatu tisini na nane na senti arobaini.